Kijiko cha Mgeni

Kijiko kilikuwa kikavu.

Ukiambiwa hivyo hutashtuka, maana vijiko hukauka. Lakini hiki, fundi cherehani mmoja alikuwa amekiacha juu ya kigoda kando ya kitanda cha mwanawe, kimejaa dawa hadi ukingoni, akaenda jikoni kuchukua kitambaa cha kumfutia mtoto mdomo. Hakukaa huko hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Aliporudi kijiko kilikuwa palepale, mpini umeelekea dirishani vilevile, na sakafuni hapakuwa na tone. Kilikuwa kimelambwa hadi kinang'aa.

Mtoto alikuwa amelala, midomo imefungwa.

"Mama," fundi aliita, "umeingia humu?"

"Niingie kwa miguu ya nani?" bibi wa mtoto alijibu kutoka uani, alikokaa na miguu yake iliyovimba ameinyoosha juani. "Ya kwangu imegoma tangu asubuhi."

Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama juu ya bati, mtaa wote kimya. Fundi alisogeza kijiko puani. Kilinuka utamu wa dawa, na chini ya utamu ule kulikuwa na harufu nyingine, ya kitambaa kibichi kilichofungiwa sandukuni kabla hakijakauka.

Alikijaza tena, akamwamsha mtoto.

Mtoto huyo alikuwa na miaka minne, na kila mtu alimwita Chiriku, kwa sababu tangu siku aliyojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alimsemesha paka na ndoo ya maji, na wateja wa mama yake aliwaeleza, bila kuulizwa, nguo gani imekosewa kukatwa. Kisha kikaja kikohozi. Baada ya kikohozi ikaja homa, na kifua kikaanza kukoroma kama birika. Daktari wa zahanati alisema ni kichomi. Akatoa chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya waridi.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni," alisema. "Siku saba. Asiruke hata kimoja, mama. Kifua cha mtoto mdogo hakina mzaha."

Kusema ni rahisi. Chiriku aliinusa dawa mara moja tu, akabana meno. Fundi alibembeleza, akaapa kwamba ni tamu, akatishia. Alichanganya na sukari, Chiriku akalamba sukari akaacha dawa. Alimbana pua, naye akaitema yote juu ya gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa limetundikwa mlangoni.

"Mke mwenzangu huyu," bibi alicheka, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake, "meno yake yamefungwa kwa kufuli, na ufunguo kaumeza."

Jioni hiyo fundi akapata wazo. Alichukua vipande vya bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, vilivyobaki kwenye gauni lile, akashona mwanasesere mwenye urefu wa mkono, akamjaza matambara, akamtilia vifungo viwili vyeusi viwe macho.

"Huyu naye anaumwa," alimwambia mtoto. "Tumpe dawa yeye kwanza."

Chiriku alimtazama mwanasesere kwa makini. "Hana mdomo. Atakunywaje?"

Basi fundi akashika mkasi, akapasua kitambaa chini ya vile vifungo, upana wa kidole. Akapitisha uzi kuuzunguka mpasuko huo usichanike, kama anavyofanya kwenye tundu la kifungo. Kazi yake ilikuwa nzuri. Ulikuwa mdomo hasa. Kisha akauelekezea kijiko na kusema kwa sauti ya mchezo:

"Mgeni, karibu kwetu. Mwenzako hataki. Kunywa wewe badala yake."

Akamimina. Kitambaa kikafyonza. Chiriku, kwa wivu wa kitoto, akafungua kinywa chake na kunywa kijiko kilichofuata. Fundi alitaka kupiga vigelegele. Tangu hapo alifanya hivyo kila mara, asubuhi, mchana na jioni, kwa maneno yaleyale: karibu kwetu, kunywa wewe, badala yake.

Siku ya pili Chiriku hakuhitaji kubembelezwa. Siku ya tatu alifungua kinywa kabla kijiko hakijafika. Lakini homa haikushuka. Daktari aliweka sikio lake kwenye kifua kile, akakunja uso.

"Unampa kweli?"

"Nampa, daktari. Anameza. Namwona kwa macho yangu."

"Basi mbona ni kama hajawahi kuonja? Tungoje hadi kesho asubuhi. Akiwa hivi, nampeleka hospitali kubwa."

Mchana wa siku hiyohiyo ndipo kijiko kilipokauka.

Sasa Chiriku aliamka, akameza kile kijiko cha pili bila kukunja uso. Akamtazama mama yake bila kupepesa.

"Kingine," alisema.

Fundi alicheka kidogo, cheko la kujipa moyo. "Kimoja kinatosha, mwanangu."

"Kingine."

Sauti ilikuwa ya Chiriku, lakini ilitoka bila pumzi. Fundi alichukua chaki yake ya kushonea, akaweka alama kwenye chupa mahali dawa ilipofika, akaipandisha juu ya kabati. Kisha akamwinua mtoto ambadilishe shuka, na nusura amrushe juu. Alikuwa mwepesi. Hakuwa mwepesi kama mtoto aliyekonda. Alikuwa kama furushi la nguo. Ngozi ya mkono wake ilikwaruza kidogo kwenye vidole vya mama, kwa ule mkwaruzo ambao fundi aliujua kuliko kitu chochote duniani, maana aliushika kutwa nzima. Ulikuwa mkwaruzo wa bitana.

Alimlaza polepole. Akamtafuta mwanasesere, akamkuta ameangukia nyuma ya kitanda. Alipomwinua, mkono wa fundi ulielemewa. Alikuwa mzito, na alikuwa wa moto.

Akatoka uani. "Mama. Njoo umwone mjukuu wako. Mimi sijui ninachokiona."

Bibi aliegemea ukuta hadi ndani. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akatabasamu. "Haya mke mwenzangu, leo mume wetu umemwachia nani?"

Siku zote Chiriku angemjibu kwamba mume ni wake peke yake, bibi akatafute mwingine. Safari hii alifungua tu kinywa, akakiacha wazi, akingoja. Ndani hamkuonekana ulimi.

Tabasamu la bibi lilikufa. "Mwanangu," alinong'ona bila kugeuka, "nenda kamwite Mkunga. Nenda mbio. Usifunge mlango, uache wazi."

Mkunga ndiye aliyempokea Chiriku alipozaliwa. Sasa alikuwa amestaafu na kufuga kuku, lakini watu walijua kwamba katika miaka yake ya kukesha kwenye vyumba vya wazazi alikuwa amezoeana na wengine wasioonekana. Alikuja na mwavuli wake na mfuko mdogo. Hakujibu hata shikamoo. Alisimama mlangoni akavuta hewa puani.

"Homa mimi sitibu," alisema. "Homa ni ya daktari, na dawa yake haikatwi. Mimi natoa wageni. Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha mtu," fundi alisema.

"Jini halivunji mlango, binti yangu. Linaitwa. Nipe maneno uliyoyasema, kama ulivyoyasema."

Fundi aliyasema. Alipofika kwenye "badala yake", yeye mwenyewe akaweka mkono mdomoni.

Mkunga alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Umetengeneza kitu kitupu, ukakitoboa mdomo, ukakiita kwa heshima mara tatu kwa siku. Hata mimi ningekuja. Sasa mgeni amekinai kukaa kwenye matambara. Amehamia kitandani, na mwanao amesukumwa kule alikotoka mgeni."

"Utajuaje?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini. "Utajuaje nani ni nani?"

"Lete dawa."

Fundi alishusha chupa kutoka kabatini. Dawa ilikuwa vidole viwili chini ya alama ya chaki, na kizibo kilikuwa kimefungwa. Alijaza kijiko. Mkunga akaonyesha kitandani. Kinywa kilikuwa wazi tayari. Dawa ilishuka bila koo kucheza, na sauti ikasema, "Kingine."

"Sasa huyu."

Fundi alielekeza kijiko kwa mwanasesere aliyekuwa mapajani mwake. Na ule mdomo wa kitambaa, ule alioukata kwa mkasi wake mwenyewe, ukajikunja, ukabana, ukageukia upande.

"Huyo ndiye wako," Mkunga alisema taratibu. "Jini halikatai, binti yangu. Anayekataa ni mtoto."

Fundi alilia bila sauti. Jinsi alivyopigana na meno yale!

"Sikiliza. Mgeni anafuata kijiko. Usimpe tena kitandani. Mwite arudi kwenye matambara, na akishameza, ushone. Mishono saba, usisimame katikati. Atakaposukumwa yeye ndani, mwanao atarudi kwake. Lakini ukiacha kabla ya saba, wote wawili watabaki humo."

Fundi alitunga uzi sindanoni, ambalo ndilo jambo pekee mikono yake iliweza kulifanya bila yeye, akajaza kijiko, akakisogeza kwenye mdomo wa kitambaa, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Mgeni, chako kiko huku," na papo hapo kitanda kikalia kama mtu mzito ameshuka, harufu ya nguo mbichi ikapita usoni mwake kama pumzi, mdomo wa kitambaa ukafunguka wenyewe ukaibugia dawa ya kijikoni, chap, na yeye akachoma sindano.

Mshono wa kwanza, wa pili, na kitambaa kikaanza kupumua chini ya vidole vyake, wa tatu, na vile vifungo viwili vyeusi vikawa vimelowa, wa nne, na kutoka kwenye upenyo uliobaki ikatoka sauti ya Chiriku, yenye pumzi sasa, yenye kile kikohozi chake, ikilia kama alivyolia siku alipobanwa kidole na mlango: "Mama, ni mimi, mama, unanishona mimi, inauma, mama."

Mkono ulisimama.

"Shona!" Mkunga alisema.

"Kama ni yeye? Mkunga, kama ndiye yeye?"

"Mama, nitakunywa," sauti ililia. "Nitakunywa dawa yote, sitakataa tena."

Mshono wa tano ulikuwa nusu, uzi umening'inia, na fundi hakuweza kuuvuta wala kuuachia, akabaki hapo na jasho likimdondoka kwenye kitambaa, hadi bibi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, alipochukua chupa kwa mikono yake ya kizee, akajaza kijiko huku dawa nyingine ikimwagika kwenye shuka, akakipeleka kitandani na kusema, "Haya, mke mwenzangu. Kunywa."

Kijiko kiligusa midomo.

Kisha meno yakagongana. Kichwa kikageukia ukutani, mkono mdogo ukapiga kijiko kikaruka hadi mlangoni, na sauti kavu, hafifu, yenye hasira ikasema:

"Sitaki! Chungu!"

Fundi alivuta uzi. Tano. Sita. Saba. Akafunga fundo, akakata kwa meno. Kile kilichokuwa mapajani mwake kilitapatapa mara moja, kikalegea, kikawa matambara.

Mkunga alikitia mfukoni mwake, akafunga mfuko kwa kamba. "Hiki nitajua pa kukipeleka," alisema. "Usiniulize. Na mdogo huyu dawa yake ya jioni inamngoja, msijisahau."

Jioni fundi aliketi kitandani. Chiriku alikuwa mzito mikononi mwake, wa moto, anakoroma, amebana meno. Safari hii hakukuwa na mgeni wala mchezo. Fundi alichovya ncha ya kidole kwenye dawa, akailamba mbele yake, na uso ukamkunjamana.

"Chungu," alisema. "Kweli ni chungu, mwanangu. Nilikudanganya. Lakini ni yako wewe, hakuna mwingine anayeweza kukunywia. Nitangoja."

Alingoja. Chai ya bibi ilipoa, taa ikawashwa, mteja akabisha hodi akaambiwa arudi kesho. Chiriku alilia, akanyamaza, akamtazama mama yake pembeni ya jicho. Mwishowe akafungua kinywa, kidogo, upana wa kidole. Alikunywa huku analia na kulaani, na koo lake likacheza. Alfajiri shuka lilikuwa limelowa jasho, na homa ilikuwa imeshuka.

Daktari aliongeza chupa nyingine, maana ile iliisha kabla ya siku zake. Chiriku alipona. Sasa anamsemesha paka, ndoo na wateja kama zamani, na akipewa chochote asichokipenda anabana meno, na mama yake anambusu paji la uso kabla ya kumgombeza.

Majuma mawili baadaye fundi alikuwa peke yake mbele ya cherehani, anamalizia blauzi ya mwalimu mmoja. Alipima, akaweka alama ya chaki, akapasua kwa mkasi tundu la kwanza la kifungo, upana wa kidole. Akanyoosha mkono kuchukua uzi.

Nyuma yake, juu ya kigoda, kijiko kiligonga bilauri. Kisha kutoka kwenye kile kipasuko kidogo mapajani mwake, bila pumzi, kwa adabu kabisa, sauti ikasema:

"Kingine."

Ukimpelekea nguo hadi leo, atakushonea vizuri, na bei yake haina ugomvi. Lakini atakutilia zipu. Matundu ya vifungo hakati tena.