Shubiri Mbili, Shati Moja

Pale Kihanga, kila asubuhi Eugenia alifagia chini ya cherehani kabla ya kubandika uji. Marehemu mumewe ndiye aliyeinunua na kuishonea. Msiba ulipokwisha, waombolezaji waliondoka, cherehani ikabaki. Shemeji yake Rwezaura akaanza kuitazama kwa mapenzi makubwa.

"Shemeji, mashati ya shule yakikataliwa tena, Jumamosi naipeleka sokoni Murongo kuiuza," alisema. "Chuma kinachokaa bure kinanitia huruma."

Kweli shule iliyoyaagiza ilikuwa imeyakataa mara moja. Eugenia alikata viwiliwili, wifi yake Placidia akakata mikono. Kila mmoja alipima kwa shubiri yake, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Ya Eugenia ndefu, ya Placidia fupi. Mikono ililazimishwa kuingia, na mtoto aliyejaribu shati alisimama mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Kiganja changu kina kosa gani?" Placidia alinuna.

"Hakina. Kimezaliwa kifupi tu."

Eugenia alianza kufumua nyuzi, machozi yakimlenga.

Jirani yao Evaresta, mwalimu mstaafu wa ushonaji, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mko kimya, mnazika mashati?"

Walimweleza. Akaigonga cherehani kwa kidole.

"Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajapani walikuwa hoi. Karakana zao ndogo zilitengeneza vipuri vya cherehani. Wakakubaliana vipimo. Kipuri cha huyu kikaingia kwenye mashine ya yule. Wakaziuza mpaka ng'ambo, viwanda vikakua. Mashine ya nyumbani kama hii ilisaidia kuinua nchi."

"Sisi si Wajapani," alisema Placidia.

"Najua. Lakini tepu ya kupimia mnayo. Shubiri pimieni ndizi."

Walipima kwa tepu, wakachora kiolezo kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Wote wawili wakakata upya kwa kiolezo hicho kimoja. Safari hii kila mkono uliingia kwenye kila bega. Shule iliyapokea mashati, ikaagiza na sketi.

Jumamosi Rwezaura alifika na bodaboda na kamba.

"Wamepokea? Yote?"

"Yote, shemeji. Na sketi wameagiza. Karibu uji."

Aliunywa amesimama, akaondoka na kamba yake.

Placidia alipiga vigelegele. Eugenia hakushangilia. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani, akanyoosha miguu, na ncha za vidole tu zikaigusa pedali. Kigoda kile kilichongwa kwa kipimo cha miguu ya marehemu.