Harufu kwenye Nati

Jumapili asubuhi Sista Candiru, mkunga wa zahanati moja ndogo huko Ajia, aliinua macho akakuta paa tupu. Paneli nne za sola zilikuwa zimeng'olewa. Betri zilijikaza mchana kutwa, usiku zikazima, Agnes Keji akiwa katikati ya uchungu. Mtoto alipokelewa kwa mwanga wa chemli ya mlinzi, Mzee Moris, na kijiji kizima kikamsifu.

Jumatatu mpelelezi Natalina Kiden alipofika kutoka Arua, mwizi alikuwa ameshapatikana. Jacques, Mkongomani auzaye paneli huko Vurra, mpakani, alikuwa amekamatwa sokoni Koboko na paneli nne kwenye pikipiki, akapigwa, akatiwa mahabusu. Penye wizi mgeni hushikwa kwanza. Ni rahisi kuliko kufikiri.

"Afande, hii yote ni ya mupya," alisema Jacques, jicho moja limevimba. "Angalia matundu ya kufungia. Hakuna nati imepita hapa."

Natalina aliyakagua. Hayakuwa na kutu wala mkwaruzo.

"Namwamini," alimwambia mkuu wa kituo.

"Mahakama inataka mtu. Kesho anapelekwa, labda uniletee mwingine."

Natalina akaenda Ajia, akapanda ngazi. Nati za zamani zilikuwa zimeachwa juu ya bati, zimeliwa na kutu, lakini zinateleza. Akazinusa, akashuka.

"Sista, nani anauza mafuta ya taa hapa?"

"Hapana mutu! Duka ilifunga zamani. Kila nyumba iko na sola, hata kuku wanalala na taa." Candiru alicheka, halafu akageuka. Alikuwa anatazama kibanda cha mlinzi, na chemli iliyoning'inia mlangoni.

Moris aliwapa viti.

"Mzee, usiku wa Jumamosi hukusikia kitu?"

"Mbwa tu, afande."

"Nati zenye kutu zimelegezwa kwa mafuta ya taa. Ajia nzima, nani bado anayo?"

Moris aliitungua chemli yake mlangoni.

"Mimi si mwizi," alisema. "Sikuuza hata moja. Zote iko juu ya dari ya jiko."

"Kwa nini basi?"

"Kamati ya zahanati ilisema taa ya sola inaangaza kiwanja yote, mulinzi ya nini? Mwisho wa mwezi niende. Nimelinda hapa tangu iko nyumba ya nyasi! Nilitaka taa ikizima waone kazi yangu."

"Na Jacques angefungwa?"



"Na Keji?" Candiru alidakia kwa hasira. "Angekufa mikononi mwangu, Mzee, ungesimama pale na chemli yako?"

Hapo Moris akalia.

Jioni Jacques aliachiwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Moris alipandishwa gari la polisi, paneli zikarudishwa paani. Kesho yake kamati ya zahanati ilikutana, na bila ubishi wowote ikakubaliana kwamba paneli ni mali, haziwezi kukaa bila mlinzi.