Maji ya Kuku wa Apolonia

Harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ilianza Jumatatu asubuhi, chumbani, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kunywa ulanzi. Sosthenes alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, fundi seremala anayejulikana Mafinga nzima, mtu wa chai ya rangi na maandazi. Mkewe Apolonia alinusa mto, akanusa shuka, akanusa koti la mumewe, kisha akasimama mlangoni amejishika kiuno.

"Baba Tumpe, siku hizi ibada mnafanyia kilabuni?"

"Ibada gani tena, Mama Tumpe?"

"Mimi wa Tukuyu, lakini ulanzi naujua. Chumba kizima kinanuka ulanzi wa juzi."

Sosthenes alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Akanyanyua mkono wa kulia ili aape, na hapo wote wawili wakautazama, kwa sababu harufu ilisogea pamoja na mkono.

Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kirefu kama njiti ya kiberiti, kati ya kidole gumba na cha shahada. Mashine ya randa ilikuwa imemparua siku nane nyuma. Apolonia alifungua kitambaa polepole. Usaha uliobaki kwenye kitambaa ulikuwa wa kijani, na ulinukia utamu.

Watu wa pwani husema jini huja na harufu ya udi na marashi. Huenda wao hupata majini yenye adabu. Hili la Mafinga halikubisha hata hodi, na halikuwa na haja ya kubisha, maana mama mwenye nyumba ndiye aliyeliingiza ndani kwa mikono yake, kwenye beseni.

Apolonia alifuga kuku wa nyama mia tatu kwenye banda lililoegemea ukuta wa chumba chao cha kulala, juu ya maranda aliyoletewa na mumewe kutoka karakana. Baridi ya Mafinga haimhurumii kifaranga, kwa hiyo wafugaji wengi wa mtaa ule waliwapa kuku dawa kabla hawajaumwa, wakaiita kinga. Yeye alitumia za watu, zile kapsuli za rangi mbili. Alizipasua, akamimina unga kwenye maji ya kunywa. Kuku wakichangamka anaacha, wakizubaa anaanza tena. Na Sosthenes alipojikata, Apolonia aliwaza jambo lililoonekana la busara kabisa: maji yale tayari yana dawa, kwa nini yamwagwe? Kila asubuhi alikusanya mabaki kutoka vyombo vya kuku, maji ya rangi ya chai yenye maranda na kinyesi kilichotulia chini, akayapasha moto kidogo, na mumewe akaloweka mkono humo huku akisoma Biblia. Halafu akamnyunyizia unga wa rangi mbili juu ya kidonda. Tusimlaumu sana Apolonia. Tumlaumu kiasi chake, maana kuku kweli walikuwa wanapona, na yeye aliamini alichokiona.

Jumanne alikwenda kwa Taslim, mama wa Kihindi mwenye duka la dawa karibu na stendi, dawa za watu upande mmoja na za mifugo upande wa pili. Alimweleza usaha wa kijani, akaomba kapsuli nyingine.

"Hiyo rangi mbili unampa siku ngapi?" Taslim aliuliza.

"Mpaka apate nafuu. Mbili, tatu."

"Halafu?"

"Halafu nahifadhi, dada yangu. Za kesho."

Taslim alifunga kabati. "Sikuuzii. Mpeleke hospitali mapema. Kijani hicho mimi nakiogopa."

"Basi nipe ya kuku. Ile ya nguvu."

"Ya kuku kweli?"

"Nao wanazubaa."

Taslim akampa, maana kuku hadaiwi cheti. Apolonia alifika nyumbani na kumnywesha mumewe dawa ya kuku kwenye kikombe cha uji. Siku mbili mkono ulinywea, Sosthenes akarudi karakana anapiga mluzi. Ijumaa ulivimba hadi kiwiko, na harufu ikafika sebuleni.

Mchana huo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Apolonia aliingia bandani na chupa ya dawa mkononi, na kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba kuku hawalii. Kuku mia tatu walikuwa wamesimama wameelekeza midomo kwenye ukuta wa chumba chake. Akainama kwenye chombo cha maji. Sauti zilitoka chini ya maji, ndogo, za chinichini, zikisemeshana kama wanawake kisimani.

"Shika."

"Nini hiki?"

"Ufunguo. Nimepewa na aliyenusurika jana."

"Mimi si wa ukoo wako. Mimi wa mferejini."

"Nani kauliza ukoo? Shika, na wewe mpe jirani."

Alipokuwa amesimama pale ameshikilia nguzo ya banda alisikia neno lile likipokelewa kutoka chombo hiki hadi kile, shika, shika, shika, likapita kwenye maranda chini ya miguu yake, likapanda ukuta, likapenya tofali, na upande wa pili wa ukuta, kitandani ambako mumewe alikuwa amelala na homa, sauti nene iliyojaa shibe ikajibu kwamba imeshika. Apolonia aliitupa chupa na kukimbia.

Mama mkwe wake, bibi Evarista, aliyekuwa akiishi nao chumba cha nyuma, alisimuliwa yote na hakumcheka. Alimkalisha mwanawe kwenye kigoda, akamfunika kaniki nyeusi, kama alivyoona bibi zake wakifanya kabla hajabatizwa.

"Wewe uliye ndani," alisema kwa sauti ya chini, "ni nani?"

Sosthenes alijibu, lakini si kwa sauti yake. "Yupi, bibi? Uliza vizuri. Kuna wa kuku, kuna wa mferejini, kuna wa tumboni aliyekuwa naye tangu utoto wake, mpole, hajawahi kumdhuru mtu. Huyo naye tumempa."

"Mnataka nini? Mbuzi? Kitambaa?"

"Hatutaki kitu. Mkwe wako ametulisha sumu kijiko kijiko. Wanyonge wetu walikufa. Waliobaki waliizoea, wakawafundisha na wageni."

"Tokeni kwa mwanangu!"

"Bibi, kila mlango mnaotufungia, kuna mmoja wetu mwenye ufunguo wake. Na sisi hatunyimani." Kisha likacheka, na kicheko ndicho kilichomvunja Apolonia moyo, kwa sababu kilikuwa cha Sosthenes mwenyewe.

Walimpeleka hospitali upande wa Iringa siku hiyohiyo. Daktari alisema waziwazi: kama hawatapata dawa inayofanya kazi, mkono utakwenda, na mkono usipotosha atakwenda yeye. Wakachukua usaha ukapimwe.

Aliyepima aliitwa Philbert, kijana mkavu wa maneno. Siku ya tatu alimwita Apolonia maabara, akamwonyesha kisahani cha plastiki chenye vikaratasi vidogo vya mviringo.

"Kila kikaratasi kina dawa yake," alisema. "Dawa ikiwa na nguvu, pembeni yake panabaki peupe. Hakioti kitu."

Apolonia alitafuta weupe. Utando wa kijani ulikuwa umetambaa sahani nzima, umefika kwenye vikaratasi, umevipanda juu.

"Hakuna hata moja?"

"Hii hapa. Kidogo tu." Alimwonyesha pembe yenye weupe mwembamba. "Mnafuga?"

"Kuku."

"Mnawapa dawa za watu?"

Aliificha mikono yake ndani ya kanga.

"Nilijua," alisema Philbert. "Wadudu wa kuku na hawa wa kidonda si ndugu, ni kama ng'ombe na kondoo. Ila wakikutana sehemu moja wanagusana, na mmoja anampa mwenzake kipande cha maandishi cha namna ya kuishinda dawa. Hasubiri kuzaa. Anampa papo hapo, jirani na jirani, kama mnavyoazimana moto."

"Ufunguo," alisema Apolonia.

"Unaweza kuuita hivyo. Nani alikufundisha?"

Apolonia akaomba aonyeshwe njia ya kurudi wodini.

Walimkata Sosthenes mkono juu ya kiwiko, wakamchoma ile dawa moja iliyobaki, na homa ikashuka. Alipozinduka aliomba aonyeshwe pale palipokuwa na mkono, akapatazama, akaanza kulia bila sauti. Fundi aliyewapa nusu ya Mafinga vitanda vya kulalia hakuweza hata kujifunga vifungo vya shati.

Siku ya kuruhusiwa, Philbert alimvuta Apolonia pembeni. Alikuwa amempima naye pia, kinyesi na viganja.

"Wewe huumwi, na pengine hutaumwa. Lakini wapo kwako. Tumboni wamejaa, na mikononi wanafika. Na huko kwako wameshapata namna ya kuishinda hata ile dawa tuliyomponyea."

"Unasema nini, baba?"

"Nasema usimguse kidonda. Usimpikie, usimlishe kwa mkono wako, mpaka nikupime tena na niseme basi. Yeye bado mdhaifu. Wakiingia kwake na kufika kwenye damu mara hii, sina kitu kabatini. Atakufa, na mimi nitaandika tu. Mwambie yeye, mwambie na mama mkwe."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Njia nzima ya kurudi Mafinga alipanga maneno, na kila alipoyapanga aliona sura ya Evarista ikigeuka. Mtaani wangesema majini ni yake, aliyatoa kwao Tukuyu, akamla mumewe mkono. Wangemrudisha kwao na kanga mbili, na binti yao Tumpe, anayesoma Mbeya na kukaa mtaa wa Soweto hukohuko kwa shangazi yake, angeitwa mtoto wa mchawi. Kwa hiyo alinyamaza. Kuku aliwauza wote kwa siku moja, na Mafinga ikala.

Siku tisa alijitahidi. Alimwita msichana wa jirani aje kupika. Alimlisha mumewe kwa kijiko akiwa amevaa glovu, akidai ni amri ya daktari kwa ajili ya kidonda, na uongo huo ulitosha wakiwa wawili.

Siku ya kumi, Jumapili, wazee wa kanisa walikuja kumshukuru Mungu kwa uhai wa mwenzao. Sebule ilijaa. Waliimba, wakaomba, maji ya kunawa yakapita, ugali ukawekwa katikati na nyama ya mbuzi na mchuzi. Wageni wakaanza kumega. Sosthenes alibaki ametazama sahani, mkono wake wa kushoto umelala juu ya goti, maana hakuwahi maishani kula kwa kushoto mbele ya watu.

"Mkewe yupo," alisema Evarista. "Mlishe mumeo, wageni wasikae na huzuni."

"Ngoja nilete kijiko, mama. Na zile glovu."

"Glovu?" Kikongwe aliinua uso. "Mbele ya watu hawa? Mwanangu amekuwa mzoga? Au unamwonea kinyaa?"

Mzee mmoja aliweka tonge lake chini. Apolonia alinawa kwa sabuni, akanawa tena, akaomba maji mara ya tatu, akasugua kucha mpaka vidole vikauma, na watu wakiwa wanamtazama alijua kwamba bado anaweza kusema, kwamba ni sentensi moja tu na baada yake aibu, na kwamba aibu haiui mtu. Akafungua mdomo. Evarista alikuwa anamkazia macho. Akaufunga.

"Mwacheni mke wangu," alisema Sosthenes, na kwa mara ya kwanza tangu akatwe mkono, akacheka. "Atamaliza sabuni yote ya Mafinga. Njoo, Mama Tumpe. Nina njaa."

Apolonia akapiga magoti mbele yake. Akamega ugali, akaufinyanga kiganjani vizuri, akautoboa kwa dole gumba, akachovya mchuzi. Sosthenes akafumba macho, akafungua mdomo, akala. Alipomeza aliomba tonge jingine, na Apolonia akampa.