Mfalme Mlango

Jua lilikuwa likizama mtembeza wageni alipozunguka kasri kufunga madirisha, binti yake akimfuata na mkoba wa shule mgongoni. Mtoto alikuwa amenuna. Leo darasa lake zima lilikuja kutembea, na baba mtu akawapigia ile hadithi yake ya Mfalme Mlango.

Katika ukoo ule wa wafalme, Mlango hakuwa na makuu. Hakuacha ushindi wala sanamu, ila jina tu, na asili yake hakuna aliyeijua. Basi mtembeza wageni akaitunga mwenyewe: eti maadui walipovamia, mfalme alijibanza nyuma ya mlango wa ghala mpaka kukakucha. Akifika hapo huondoa jiwe linalouzuia mlango ule mzito, maana hujifunga wenyewe, kisha hujificha nyuma yake na kuchungulia akitetemeka. Wageni huvunjika mbavu.

"Baba, kweli alikuwa mwoga?"

"Aa, mwanangu, alishakufa zamani. Nani atamtetea?"

Mtoto hakucheka. "Kofia yako umeisahau ghalani," alisema, akakimbia kuifuata.

Ndipo baba akakumbuka jiwe. Hakulirudisha.

Kriiii...

Aliukimbilia mlango, akaushika ukingoni. Ukamlemea. Ndani kulitoka harufu ya moshi, na vilio. Si vya mwanawe peke yake. Watoto wengi...

"Baba! Moto!"

Kando ya vidole vyake, vidole vingine vilikuwa vimeshika ubao uleule. Vimeungua. Kucha zimepasuka. Sauti ikamnong'oneza sikioni:

"Tushike wote."

Akaachia.

Akaachia, Mungu amsamehe, akatimua mbio, akaupita ua mzima bila kugeuka. Getini akasimama. Alijua vizuri alichokiacha nyuma. Akarudi akilia, uso ukimwaka kwa aibu.

Mlango ulikuwa wazi. Jiwe lilikuwa bado kule pembeni alikolisukumia mchana. Hapakuwa na moshi wala jivu. Binti yake alikaa kizingitini, kofia mapajani, akikohoa.

"Kuna babu aliushika," alisema taratibu. "Vidole vyake vilikuwa vinavunjika, baba. Nilivisikia. Akasema tupite haraka, sisi sote."

"Ninyi na nani?"

Alikuwa anaitazama mikono ya baba yake. Mizima, haina hata mchubuko.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Baba aliificha mikono mgongoni.

Nyumbani, mtoto alipopanda kitandani, baba alinyoosha mkono kuurudisha mlango wa chumba chake. Harufu ya moshi ikampiga puani.

"Uache, baba," mtoto alisema bila kinyongo. "Yupo anayeushika."

Baba akabaki ukumbini, nyuma ya mlango, akitetemeka.