Nani alikuwa anafungua maji ya gari ya papa?

Miguu mbili.

Ndiyo kitu ya kwanza niliona asubuhi ile nilipofungua mulango. Miguu mbili ya mutu, na sandale ya ngozi, inatokeza chini ya gari yangu...

Na sandale ile niliijua. Ilikuwa ya tonton Yunus, ndugu ya papa yangu, tumbo moja!

"Tonton?"

Miguu ikatulia.

"Tonton Yunus, unafanya nini chini ya gari yangu?"

Akatoka polepole. Kanzu imejaa udongo, mikono inachuruzika maji. Maji ya radiateur yangu, ile inapoza injini, bandugu.

Bon. Ngoja nianze vizuri, maana mukisoma nusu mutanitukana bure.

Mimi ni Hadidja, wa hapa Kisangani, Mangobo. Papa alipokufa aliniachia Corolla yake, ile ya zamani sana, mulango moja rangi yake na ingine rangi yake. Aliniachia mimi kwa sababu macho yake yalipoisha, ni mimi nilikuwa namuendesha. Nikaifanya taxi. Nabeba bamama wa biashara mpaka Bangboka, kwenye ndege. Batu balicheka, eti mwanamke dereva. Niliwaacha bacheke, batoto yangu balikuwa banakula.

Lakini familia ilikaa kikao, bakaamua hivi: Hadidja ataendesha, ila gari ikimufia mukononi, inaenda kwa tonton Yunus.

Donc kama kuna mutu angefurahi gari ife, ni nani? Munaona sasa.

Na gari ilikuwa inakufa kweli. Chini kabisa ya radiateur kuna bouchon, kidude ya plastique, unaizungusha kwa mukono kama kifuniko ya bidon ya maji wakati unataka kumwaga maji yote. Hapo ndipo palikuwa panavuja. Si kila siku. Unaweza kupita juma nzima salama, unasema asante Mungu... halafu siku moja katikati ya njia ya Bangboka, moshi! Unapaki kwenye majani, baclient banakuangalia kama umewaroga.

Hapa lazima nimuseme bwana yangu, Aboubakar. Kila alfajiri, kabla mimi sijatoka kitandani, yeye ameshatoka na bidon kunijazia maji. Akirudi ananiletea chai kwa kikombe nyeupe, ile tulipewa siku ya ndoa. Bamama wa jirani balinionea wivu. Simone, client yangu mukubwa, anayepeleka samaki Kinshasa, aliniuliza siku moja:

"Hadidja, bwana wa namna hii banauzwa wapi?"

Nilicheka nikajisikia mutu. Nisiwadanganye.

Turudi kwa miguu ya tonton.

"Ni wewe unafungua bouchon?"

"Hadidja, mutoto yangu, ngoja nikuambie..."

Akainua macho. Akaangalia nyuma ya bega yangu. Abou alikuwa ametoka, amesimama pale na kikombe yangu ya chai.

Tonton akamuangalia. Akafunga mudomo.

Nikasema, haya imemushika. Basi nikafungulia! Batu banatoka kusali, banasimama, banasikiliza.

"Mutu muzima, ndevu nyeupe, kutambaa chini ya gari ya yatima! Papa angali mubichi kaburini, wewe unataka gari yake! Usikanyage hapa tena!"

Abou akanishika mukono.

"Tulia, mama. Mungu anaona."

Tonton akaokota kofia yake chini, akaipiga vumbi, akaenda. Hakujitetea hata kidogo. Hakurudi.

Nikasema afazali, sasa gari itapona.

Gari haikupona. Ilizidi! Zamani ilikuwa inachemka siku moja moja, sasa ikawa kila siku. Siku ile Simone alikosa ndege tulikuwa tumebakisha kidogo tu kufika. Tulisikia ndege inapanda juu yetu. Alishuka, akasimamisha moto, pikipiki ya kubeba batu.

"Hadidja, nakupenda kama dada. Lakini samaki yangu haijui kupenda. Nitatafuta mutu mwingine."

Nililia pale barabarani, sikuona aibu.

Nikaikokota mpaka kwa Glodi, mécanicien, fundi ya gari. Akalala chini, akaangalia, akatoka anakuna kichwa.

"Ikichemka tena mara moja, culasse, kichwa ya injini, inaungua. Ikiungua, hii unaiuza kwa kilo, kama chuma."

Yaani mwisho. Gari ya papa, kazi yangu, vyote kwa tonton.

"Bouchon imeoza?" nikauliza.

"Joint yake, ile mupira ya kuziba, imezeeka kidogo. Nakuwekea bouchon mupya na joint mupya. Nakaza kwa mukono, koleo ya pince hapana, pince inavunja. Hii sasa haiwezi kujifungua."

"Na ikivuja?"

"Leo hatuweki maji. Tunaweka liquide ya radiateur, ile ya kijani. Ikivuja tutaona njia yake."

Nani hapa kwetu anaweka liquide? Sisi wote ni maji ya bidon tu, maji inakauka, haiachi alama. Nikakubali. Jioni Abou alirudi amechoka, akala, akalala. Sikumuambia. Si kwa kumuficha, nilisahau tu, naapa.

Kesho yake ilikuwa ijumaa. Abou akaingia na chai, amevaa kanzu yake nyeupe.

"Nimeshakujazia maji, mama. Gari iko sawa."

Nikapokea kikombe.

Nikafikiri... umejaza maji wapi? Radiateur imejaa mpaka juu tangu jana.

Halafu nikaona. Kwenye kikombe nyeupe, pale kwenye mushikio, alama ya kidole gumba. Kijani. Na kwenye mukono wa kanzu yake, kijani.



"Abou, mukono yako iko na nini?"

Akaangalia.

"Ni... rangi ya mulango."

Mulango yetu iko bleu.

Nikatoka na kitenge ya kulalia, nikapiga magoti, nikachungulia chini. Kijani ilikuwa inadondoka, polepole, taratibu, imeshafanya kidimbwi. Nikaingiza mukono, nikazungusha bouchon. Nusu duara tu. Kudondoka kukakatika.

Nusu duara! Kila alfajiri mutu huyu alinibusu kwenye paji, akatoka, akanifungulia nusu duara, akaniletea chai.

Alikuwa amesimama mulangoni.

"Kwa nini, Abou?"

Akapangusa kidole kwenye kanzu.

"Nakuuliza kwa nini."

"Kwa coiffeur, pale tunanyolewa, bananiita bwana ya dereva. Nikiingia banauliza kama umenipa ruhusa."

"Si ungeniambia niache?"

"Ningekuwa mume mubaya." Akaangalia chini. "Nilitaka gari ndiyo ikukataze. Si mimi."

"Na tonton? Ulisimama pale na chai yangu, ukaniacha namuvua nguo mbele ya batu!"

"Ulimukamata mwenyewe. Mimi sikutaja jina yake."

Pale ndipo kitu ilivunjika. Gari ningesamehe, nawaambia ukweli. Lakini "Mungu anaona" ile... aliitoa wapi ile mudomo?

Nikaacha chai ipoe pale chini. Nikajaza maji iliyopungua, nikaendesha mpaka kwa tonton Yunus. Alikuwa anafunga mizigo ya kupeleka Ubundu, kwa biashara yake. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Tonton, siku ile ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaza."

"Nini?"

"Bouchon. Nikitoka kusali napita kwenu. Nakuta imefunguliwa, nakaza, naenda. Gari ya ndugu yangu ile."

Nikahisabu kichwani. Siku zote gari ilichemkia njiani zamani, ni siku tonton alikuwa Ubundu.

"Ulijua ni nani anafungua?"

Akakaza kamba ya muzigo kwanza.

"Nilimuona siku ya kwanza."

"Na ukaacha nikutukane! Kwa nini hukusema, tonton?"

Akaniinua kwa mukono.

"Alikuwa nyuma yako na kikombe ya chai. Mutu akileta chai, na mwingine ametoka chini ya gari na udongo... ungeamini nani?"

Nikashika ncha ingine ya kamba, nikamusaidia kufunga.

Abou iko kwa mama yake sasa. Najua bamoja kwenye comments mutaandika: samehe, hajakupiga, hajaleta mwanamke. Sawa. Andikeni. Lakini mimi najifunza hii: kama kitu inaharibika kila siku, na mutu moja ndiye anakusaidia kila siku, usiishie kusema asante. Muangalie mikono.

Simone amerudi. Kiti ya mbele, nikiwa sina client, anakaa tonton Yunus. Nilimuomba aache kupita alfajiri, azeeke akilala.

Bouchon nakaza mwenyewe. Chai pia nachemsha mwenyewe, nakunywa kwa kikombe ingine.