Daftari la Vidonge Lililoingia Mtandaoni

Kila asubuhi kabla ya saa moja, watu sita walipita nyumbani kwangu Maputsoe, mji wa viwanda nchini Lesotho, kumeza vidonge vya kifua kikuu. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yangu ilikuwa kumpa kila mmoja maji, kumwangalia akimeza, kisha kuweka alama kwenye daftari. Wengi walikuwa wanawahi viwandani. Walimeza wamesimama, blanketi begani, wakanywa uji mchachu wa mtama, wakaondoka.

Puseletso ndiye aliyekawia kuondoka. Alikuwa jirani yangu, na alishona jinzi katika kiwanda kilicho karibu na daraja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne.

"Vidonge hivi vimeshinda vifungo vya jinzi kwa ukubwa," aliniambia siku moja. "Wakinipasua watakuta suruali nzima imeshafungwa."

"Meza kwanza," Mzee Sekhonyana alimwambia. "Maneno yako hayahitaji maji."

Mzee huyo alifanya kazi migodini miaka mingi, na mapafu yake yalikuwa yameharibika. Hao wawili walitaniana kila siku. Nami nilizoea kuanza siku yangu kwa kuwasikiliza.

Binti yangu Moliehi alikuwa jikoni wakati huo, karibu na jiko la mafuta ya taa, na vipokea sauti masikioni. Kiwanda kilikuwa kimempunguza kazini mwaka uliotangulia. Mwezi wa Januari alijiandikisha katika chuo cha mtandaoni, masomo ya cheti ya miezi kumi. Walikuwa wanafundishwa kutengeneza tovuti nzima, mbele na nyuma. Mbele ni kile anachokiona mtu kwenye simu yake, yaani rangi, maandishi na vitufe. Nyuma kuna kompyuta nyingine iliyo mbali, inayoitwa seva. Hiyo ndiyo inayotunza taarifa na kuamua nani apewe nini. Miezi minne ya kwanza walifundishwa ya mbele. Ya nyuma ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Mwezi wa Mei walipewa zoezi. Kila mwanafunzi atengeneze ukurasa wa kusaidia watu wa kwao. Moliehi akaniomba daftari la vidonge. Alisema ataliweka kwenye simu yangu, na asiyemeza siku hiyo ataonekana kwa rangi nyekundu.

Nilimuuliza kama ni lazima atumie majina ya kweli. Alikiri kwamba mwalimu aliagiza majina ya kubuni. Lakini aliona majina ya kubuni ni mchezo wa watoto.

"Mama, nataka waone kitu kinachofanya kazi," alisema. "Halafu nimeweka neno la siri. Hakuna atakayeingia."

Nilimpa daftari. Lilikuwa na jina la kila mgonjwa, namba ya nyumba, mahali anapofanya kazi, na tarehe aliyoanza dawa. Sikumuuliza hata mmoja wa wale sita. Nilikuwa nimechoka kuandika, na nilimwonea fahari mwanangu.

Ukurasa ulipendeza. Kwa wiki mbili niliutumia kila asubuhi, na daftari likakaa kabatini. Moliehi alituma anwani ya ukurasa huo kwenye kundi la wanafunzi wenzake ili wamwambie maoni yao. Wakamsifu sana.

Jumatano ya wiki ya tatu, Puseletso alirudi kutoka kazini kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa naanika nguo. Alisimama nje ya uzio, hakuingia. Alinieleza kwamba picha ya orodha ilikuwa inapita kwenye simu za kiwandani. Majina yote sita yalikuwapo. Mwanamke wa cherehani ya jirani alikuwa amevuta kiti chake mbali. Msimamizi alimwambia akae nyumbani mpaka apone. Nesi wa kituo cha afya alikuwa ameshampima na kuhakikisha kwamba haambukizi tena. Puseletso alijaribu kuwaeleza hivyo, lakini hakuna aliyetaka kusikia.

Hakulia. Aliniangalia tu.

"Nilikupa jina langu wewe, Mama Moliehi," alisema. "Sikuwapa watu."

Akaingia kwake na kufunga mlango.

Kesho yake walikuja wawili tu. Mmoja alikuwa bibi kizee asiye na simu, ambaye hakuwa na habari. Mwingine alikuwa Mzee Sekhonyana. Alimeza vidonge vyake, akakaa kwenye benchi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alisema mapafu yake aliyaacha mgodini na kila mtu anajua, kwa hiyo yeye hana cha kuficha. Kisha akatazama nafasi iliyo wazi pembeni yake.

Moliehi hakukubali kwamba kosa lilitoka kwake. Alirudia kusema kwamba neno la siri lipo. Jumamosi nikamwita Tebello, jirani yetu, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za ofisi mbalimbali wilayani. Alikuja asubuhi, akaketi mezani. Moliehi alitaka kumpa neno la siri, akakataa.

Alifungua ukurasa. Ukaomba neno la siri. Hakuandika kitu. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kando ya ukurasa yakatokea maandishi yaliyoujenga. Aliteremka nayo polepole, kisha akageuza kompyuta ili tuone. Majina sita yalikuwa pale. Na neno la siri lenyewe lilikuwa pale, mstari wa juu yake.

Moliehi alifunika mdomo kwa mkono.

"Mdogo wangu, sikiliza," Tebello alimwambia. "Kitu chochote unachokiweka mbele, kinatumwa chote kwenye simu ya mtu kabla hujamuuliza yeye ni nani. Hapa umempa kila mgeni aliyepata anwani daftari, halafu ukamwomba afumbe macho."

Alimweleza taratibu. Orodha ilipaswa kukaa nyuma, kwenye seva. Mtu akiomba kuiona, seva imuulize kwanza yeye ni nani, na kama hana ruhusa asitumiwe hata herufi moja. Ukaguzi huo ufanyike kila anapoomba. Na maneno ya siri hayaandikwi kamwe ndani ya maandishi ya ukurasa.

"Hayo utafundishwa mwezi wa sita au wa saba wa masomo," alisema. "Wewe uko mwezi wa tano. Ndiyo maana mwalimu wenu alitaka majina ya kubuni. Anayejifunza atakosea tu, kwa hiyo asijifunzie kwa watu walio hai."

Kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza kama wale sita walikubali kuandikwa humo. Nikasema hapana.

Siku hiyohiyo Moliehi aliondoa ukurasa. Tebello alimuuliza pia kuhusu ghala la mtandaoni ambamo wanafunzi huhifadhi kazi zao. Lilikuwa wazi kwa yeyote. Moliehi alitaka kufuta majina tu, lakini Tebello akamwonyesha kwamba ghala hilo linakumbuka kila kilichowahi kuwekwa. Ukifuta leo, ya jana bado yanasomeka. Likafutwa ghala zima. Hata hivyo Tebello alituambia ukweli kwamba picha zilizokwisha kupita kwenye simu za watu hazirudi.

Moliehi alisema ataacha chuo.

"Ukiacha sasa, utakuwa umejifunza kuharibu tu," Tebello alimjibu. "Kwanza nenda ukawaombe radhi. Nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wako. Usitume ujumbe."

Tulikwenda wote wawili. Nyumba moja hawakutufungulia. Nyingine tulitukanwa, tukasimama tukasikiliza mpaka mwisho. Puseletso alifungua mlango akiwa amejifunika blanketi. Moliehi alimweleza alichofanya, bila kuacha kitu, bila kujitetea.

"Umemaliza?" Puseletso alimuuliza.

"Ndiyo, dada."

"Basi nenda kasome."

Tangu siku hiyo nilimpelekea vidonge kila asubuhi. Alinyoosha mkono mlangoni, akapokea, akafunga. Nilikuwa na aibu ya kumwambia ameze mbele yangu. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia akimeza, nami nikamwachia mlangoni na kuondoka. Mwezi wa Julai alianza kukohoa tena. Nilisikia kupitia ukuta. Agosti alikuwa hawezi kutembea hadi bombani. Nesi alikuja na gari, tukampeleka hospitali. Mama yake alipokuwa anakusanya nguo za kumpelekea, alikuta vidonge vyangu vyote ndani ya kopo la chai. Hakuwa amemeza hata kimoja.

Alifariki mwezi wa Septemba, siku ya upepo mwingi wa vumbi. Kwenye mazishi Moliehi alikaa nyuma ya nyumba na wanawake waliokuwa wanakata kabichi. Mmoja alimwondolea kisu mkononi. Moliehi hakuondoka. Alichota maji mpaka jioni.

Chuoni alikuwa amemwandikia mwalimu wake ukweli wote tangu Juni. Mwalimu alifuta alama za zoezi lile, akamruhusu kulirudia. Miezi iliyobaki nilimwona akisoma mambo ya seva, akiandika, akifuta, akianza tena. Watu wote kwenye kazi yake mpya walikuwa wa kubuni. Alipata cheti mwezi wa Novemba. Hatukufanya sherehe.

Wale wagonjwa watatu walioacha kuja walirudi mmoja mmoja, bila sisi kuwasukuma. Nesi alikwenda viwandani akawaeleza watu kwamba mgonjwa anayemeza dawa vizuri kwa wiki chache tu, kwa kawaida haambukizi tena, na kwamba anayeficha ugonjwa ndiye wa kuogopewa. Wale watano wote walimaliza dawa na kupona. Mzee Sekhonyana alimaliza wa mwisho. Hakuwa na wa kutaniana naye.

Mwaka uliofuata kituo cha afya kilimwomba Moliehi atengeneze ukurasa tena. Safari hii hauna jina hata moja. Kila mgonjwa ana namba, na karatasi inayoonyesha namba ni ya nani imefungiwa kabatini kituoni. Orodha inakaa kwenye seva. Kabla haujatumika, Tebello alishinda Jumamosi nzima mezani kwetu akijaribu kuingia bila ruhusa. Alibonyeza vitufe vile viwili, akapata ukurasa mtupu. Alijaribu njia nyingine, akala papa, ugali wetu wa mahindi, na mchicha, akarudi kujaribu. Jioni alifunga kompyuta yake, akamwambia Moliehi kwamba ameshindwa.

Kila mgonjwa mpya anaulizwa kwanza. Juzi alikuja msichana wa kiwanda kile cha jinzi. Aliuliza ni nani atakayeona habari zake. Moliehi alimjibu kwamba ni mimi na nesi, na akamweleza kwa nini wengine hawataweza.

"Na nikikataa?" msichana akauliza.

"Utaandikwa kwenye karatasi. Dawa utapata ileile."

Akachagua karatasi. Moliehi alimwambia ni sawa, akanisogezea kalamu. Msichana yule amekuja kila siku tangu hapo.

Majina mengine yote katika hadithi hii nimeyabadilisha, hata la binti yangu. La Puseletso ni lake. Kabla ya kuliandika nilikwenda kwa mama yake kumwomba. Aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Wengine walilitaja bila kuniuliza," alisema. "Wewe umekuja kuuliza. Andika."