Pigo Lisiloguswa

"Maziwa yamechemka."

Sauti ya Mkuu kwenye Motorola ilikuwa kavu. Kipimo alizima injini ya Hiace, akatazama Casio yake. Saa tano na dakika thelathini na nane asubuhi.

Maana yake ilikuwa moja: wafanya magendo walikuwa wameshawasha mtambo.

Saa sita kamili makontena mawili ya bunduki yangefika kwenye mashine ya kukagulia mizigo ya forodha. Ili yapite, mashine ilibidi iwe imekufa. Wa kuiua walikuwa tayari. Walikuwa na mtambo wa mapigo ya umeme wa kilovolti mia nne, uliounganishwa kwa siri na kebo inayolisha yadi. Pigo moja tu, fupi kuliko ukope unavyoweza kufumba, na kila kompyuta ya forodha ingegeuka chuma chakavu.

Mtambo ulikuwa ndani ya ghala.

Maghala yalikuwa matatu.

Yalikaa ubavu kwa ubavu, milango ya kijani, kufuli za aina moja, mwenye nyumba mmoja. Nyuma ya lori la matofali alijibanza Nyundo, kiongozi wa kikosi, na watu wake sita.

"Nina nafasi moja," Nyundo alisema redioni. "Nikivunja mlango usio wao, wanafyatua kabla sijageuka. Nipe namba ya ghala, bwana."

"Nipe dakika kumi."

Kitu kilichofungiwa ndani huwezi kukiunganisha na waya. Hata ungeweza, pigo la ukubwa ule hula chombo cha kupimia na mwenye chombo. Kwa hiyo Kipimo alibeba bamba la shaba, pana kama sahani, juu ya mguu wa mbao. Waya mwembamba wa kioo ulitoka kwenye bamba hadi kwenye oskiloskopu ya betri, kifaa kinachoonyesha ukubwa wa pigo kiooni. Bamba haligusi kitu. Linasimama tu, na pigo linapofyatuka ng'ambo ya ukuta, bamba hulisikia.

Wale jamaa walikuwa wakijaribu mtambo kwa mapigo madogo, kila baada ya dakika nne. Wenyewe hawakujua kwamba wanapiga hodi.

Saa tano na arobaini. Ghala la kwanza. Kipimo aliweka bamba, akarudi nyuma hatua sita. Milivolti tisini.

Saa tano na arobaini na nne. Ghala la tatu. Hatua sita tena. Mia na sitini.

Saa tano na arobaini na nane. Ghala la pili. Hapa uchochoro ulikuwa mwembamba, umezibwa na mapipa upande mmoja, na upande wa pili mlinzi wa wafanya magendo alikuwa akivuta sigara huku amempa Kipimo mgongo. Hapakuwa na hatua sita. Kipimo alijibana kati ya bamba na ukuta, akazuia pumzi.

Mia mbili na kumi.

"Namba," Nyundo alisema.

Kipimo aliisoma oskiloskopu mara ya pili.

"Kipimo. Ni la pili?"

"Subiri," Kipimo alinong'ona.

"Nisubiri nini? Maziwa yanamwagika huku."

Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kutaja namba bila kutaja na kosa lake, asilimia fulani juu, asilimia fulani chini. Mkewe alimtania kwamba hata chumvi ya mboga anaipima kwa mizani. Sasa alikuwa na namba mkononi, na kwamba ilikuwa na kosa alijua vizuri kuliko alivyojua jina la mamake.

Miaka mitatu nyuma transfoma ililipuka kwenye maabara ya majaribio. Kijana wa zamu akapoteza jicho. Fundi mkuu wa maabara, kaka wa mke wa Kipimo, aliapa kwamba alifyatua kilovolti mia mbili na themanini, kama karatasi ya kazi ilivyoagiza. Kipimo alikuwa amekaribishwa siku ile kuonyesha bamba lake. Bamba lilisema mia nne na ishirini. Kipimo akasimama mahakamani, akasoma namba kwa sauti tulivu. Shemeji yake akafungwa miezi kumi na minne kwa uzembe.

Siku ile pia chumba kilikuwa kidogo. Siku ile pia alisimama mbele ya bamba.

Angeweza kukisia. Angesema "la tatu" na asieleze kitu. Lakini kukisia mbele ya watu saba wenye bunduki si kupima. Mwili wake ulikuwa umeikuza namba, na kwa kiasi gani kwenye uchochoro kama huu, alijua mtu mmoja tu. Na kwa sheria ya kitengo simu yoyote ya kazini hupita mezani kwa Mkuu, ikisikika na kurekodiwa.

Alibonyeza Nokia.

"Nani?" Nyuma ya sauti feni mbovu ilikuwa ikikwaruza. Siku hizi fundi alitengeneza feni na pasi kibarazani kwake.

"Mimi, shemeji."

Feni ikazimwa.

"Dada hajambo?"

"Hajambo. Shemeji, nina bamba hapa, na nina dakika chache."

"Bamba lipi? Lile lililonifunga?"

"Lilelile."

"Haya. Umesimama wapi?"

"Kati yake na ukuta. Hakuna nafasi."

"Miguuni una nini?"

"Mabuti ya mpira."

Fundi alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Kweli mganga hajigangi. Mpira unakutenga na ardhi, mwili wako unakuwa daraja la kulivusha pigo hadi kwenye bamba. Niliyaandika hayo kwenye daftari nikampa hakimu. Ukurasa mzima, wa mabuti tu. Ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Lini?"

Redioni, pumzi za Mkuu zilisikika. Kipimo alitazama kidole chake juu ya kitufe cha kukata simu. Akakiondoa.

"Miezi minane baada ya hukumu. Nikarudia vipimo peke yangu. Ulikuwa sahihi. Ulifyatua mia mbili na themanini. Iliyozidi ilikuwa yangu."

"Miezi minane." Fundi alihesabu polepole. "Nilikuwa bado ndani."

"Ulikuwa umebakiza sita."

"Na Idi iliyofuata ulikuja na dada kunitazama. Ukaniletea sabuni."

"Ndiyo."

Fundi akazungumza kama anayemwelekeza mwanafunzi asiyemjua.

"Gawanya kwa moja na nusu. Ukiwa na shaka, vua mabuti, simama kwenye saruji tupu, shika bomba lolote la chuma lililoingia ardhini. Pigo lijalo lazima lishuke. Lisiposhuka, mimi ndiye mwongo."

Simu ikakatika.

Mia mbili na kumi kwa moja na nusu. Mia na arobaini. Pungufu ya mia na sitini.

Kipimo alivua mabuti. Saruji ilikuwa na oili na vumbi la chuma. Alisimama peku, akashika bomba la maji lililotoka ardhini, akasubiri.

Saa tano na hamsini na mbili.

Mia na kumi na nane.

"La tatu," alisema. "Nyundo, ni la tatu. Pigo lijalo ni saa tano na hamsini na sita. Likishapita tu, ingia. Mtambo utakuwa mtupu kwa muda."

"Una uhakika?"

"Safari hii, ndiyo."

Saa tano na hamsini na sita.

Mlango wa kijani uliruka na bawaba zake. Risasi mbili, mtu akaanguka, mwingine akainua mikono. Wa tatu, mwenye ovaroli nyeupe, alitokea dirisha la nyuma na rimoti mkononi, akaangukia uchochoroni hatua tatu kutoka kwa Kipimo.

Bastola ya Kipimo, Beretta, ilikuwa tayari imeinuliwa.

"Weka chini."

Mtu yule alimtazama usoni, akatazama miguu peku, akatabasamu. Kidole chake kikasogea.

Kipimo aliupiga risasi ule mkono. Rimoti ikatawanyika ukutani.

Ndani, minara ya kapasita, mitungi ya kuhifadhi umeme, ilipanda hadi kwenye paa, na ilikuwa imeanza kujaa tena. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kipimo alichukua fimbo ndefu yenye waya wa ardhi, akaigusisha ngazi za minara moja baada ya nyingine. Kila ngazi ilitoa cheche, kisha ikanyamaza. Yadini, makontena mawili yaliingia kwenye mashine ya ukaguzi, na mashine ikayaona yote.

Mkuu alifika kwa Land Cruiser saa sita na robo.

"Kazi safi." Alifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ile simu. Rekodi zetu zina tabia ya kuharibika, unajua. Joto, unyevu."

"Hiyo isiharibike, Mkuu. Nitaomba nakala."

"Ya nini?"

"Ya hakimu."

"Unafahamu utafungwa wewe?"

"Nafahamu."

"Mkeo anajua?"

"Nitaanza na yeye."

Kipimo aliiweka Beretta kwenye kiti cha Land Cruiser, akasaini fomu ya kukabidhi silaha, akasahihisha saa aliyoiandika Nyundo kwa makosa. Kisha akaondoka kwa miguu, bila haraka, kwenda nyumbani kwa mwanamke ambaye bado hakujua ameolewa na nani.